Makro Yenye Jina Langu Inahesabu Magunia Mawili Tu

Shangazi Brigita wa redio, shikamoo, na unisamehe mwandiko, naandika huku nacheka na hofu ninayo. Mimi ni Aurelia wa Nachingwea, kazi yangu ni kukagua programu za kompyuta, za lugha ya C, anazoandika Fortunatus wa Ruangwa kwa ajili ya kifaa cha kupima unyevu wa ufuta ghalani, na huyo Fortunatus ndiye aliyesema wazee wake wanaleta barua ya posa mwezi huu, basi tarehe 14 Mei, nimeiandika kwenye daftari langu, akanitumia makro, yaani mistari mifupi ya kuhesabu vipimo vilivyopangwa kwenye safu, nikakuta ameiita IDADI_AURELIA, Shangazi, nilizunguka chumba mara tatu nikaandika "Imepita" bila kuijaribu, mimi ambaye hata chumvi napima kwa kijiko!

Tarehe 16 nikaweka vipimo vya magunia kumi na mawili, jibu likaja mawili. Nikaweka thelathini, mawili! Kumbe safu ikipelekwa sehemu nyingine ya programu, inayofika huko ni anwani yake tu, yaani namba ya mahali ilipohifadhiwa, na makro, badala ya ukubwa wa safu nzima, inagawa ukubwa wa anwani, baiti nne, kwa ukubwa wa kipimo kimoja, baiti mbili. Yeye hakuona kwa sababu alijaribia kwao kijijini, Nanganga, kwenye magunia mawili ya mama yake. Nikamdokeza kwa simu, akasema, "We Aurelia, mistari hiyo usiiguse, nimeiandika nakuwaza wewe." Nikayeyuka, nikakata simu. Jumamosi tarehe 25 wakulima wa Mandawa wanaleta ufuta kwenye ghala la kwao upimwe. Nikiikataa makro, si nitakuwa nimeikataa posa?

*

Marahaba, Aurelia mwanangu, na hongera, ila kaa chini kwanza. Nimemwita Rogath, fundi mitambo wetu hapa redioni, anieleze, alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza, "Na gunia la tatu likiwa bichi?" Umemsikia? Kifaa kitaishia gunia la pili, kitasema mzigo wote ni mkavu, ufuta mbichi utamwagwa pamoja na mkavu, na jasho la watu wa Mandawa litaota ukungu kwa sababu wewe ulikuwa unazunguka chumba. Makro ni kosa la Fortunatus. Hiyo "Imepita" ni yako, tena ina aibu zaidi, maana mkaguzi ni wewe.

Ifute leo. Waandikie wenzenu mnaotengeneza nao kifaa kwamba ulipitisha bila kujaribu. Rogath anasema idadi ihesabiwe palepale safu ilipotengenezwa, kisha isafiri pamoja nayo kila inapopelekwa, na makro ikipewa anwani tupu, kompyuta igome kabisa. Muijaribu kwa gunia moja, matatu, kumi na saba, hata bila gunia.

Halafu mpigie Fortunatus mchana huu, umweleze kosa lote, na safari hii usikate simu. Akicheka na kukaa kurekebisha, pokea wazee wake kwa vigelegele. Akinuna siku mbili, mwache anune, ni binadamu. Akifika Jumamosi bado amenuna, wewe nenda Mandawa na programu iliyorekebishwa, pima ufuta wa watu, na barua ya posa ibaki Ruangwa.