Uzito wa Besi Ulienda Wapi

Akinyi mjukuu wangu,

Hapa Munyaka tuko wazima, nyanyako anaanika mahindi. Unauliza kama uchimbe gitaa lako la besi lipungue uzito. Langu la bendi ya kanisa nililichonga kwa mvule, nikalibeba kwa kamba. Bega likauma, nikachimba mgongo wake. Likawa jepesi, lakini shingo ikawa inaanguka kila nikiiachilia. Nikajaza mashimo tena kwa mbao ileile.

Nyanyako akacheka. "Baba Otieno, kwani mtoto hubebwa kwa kamba?" Akakata leso aliyombebea Otieno, baba yako, akanishonea mkanda mpana.

Nikalipima kwa mizani ya mahindi: kilo zilezile za mwanzo. Bega halikuuma tena. Mpaka leo sielewi uzito ulienda wapi.

Usichimbe bado. Nakutumia kipande cha leso kilichobaki.

Babu yako