Nusu ya Jirani

Alhamisi, Voi

Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba dawa tunayoijaribu yenyewe ndiyo mbovu.

Leo Wakesho alikuja kutoka Rukanga kunieleza hali ya mama yake, mgonjwa wetu wa utafiti ambaye ugonjwa wake wa kusahau hausikii dawa. Kumbe kila asubuhi huyu binti hukata kidonge katikati. Nusu anampa mama, nusu anampa jirani mwenye magoti mabovu. Aliniambia bila kuficha, kama anayesimulia jambo jema.

"Daktari, yeye ndiye hukaa na mama nikienda shamba. Nitamnyimaje?"

Nikauliza mama anaendeleaje. Vile vile, bado anatoka kwenda kutafuta nyumba ya wazazi wake. Na jirani?

"Huyo siku hizi anaweza kumfuata akamrudisha."

Miaka yote hii natafuta dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, wa ubongo na wa viungo, na jibu zuri la kwanza limetoka kwa mtu ambaye hayumo kwenye utafiti. Siwezi kuliandika popote. Pengine hata si dawa, ni kule kukumbukwa tu. Sijui. Nimechoka kutojua.

Nilimwambia ni lazima nimtoe mama kwenye utafiti, na vidonge visimame. Hakubisha. Alijifunga leso upya, akauliza kama jirani anaweza kubaki na nusu yake. Nikasema hapana.

Kisha akaniuliza kama kuna ubaya akianza kumfungia mama ndani.