Viazi vya Msiba Wangu

Indiana, Jumapili, 24 Oktoba 2021

Mdogo wangu mpenzi Piroska,

Mwezi ujao nitatimiza miaka sitini na mitano tangu nivuke mpaka wa nchi yetu kwa miguu, nimevaa viatu vya baba. Goti lako linaendeleaje, na yule paka wako mwizi bado yu hai? Mimi ni mzima, ila masikio tu. Nasikia ninachotaka, kama ulivyozoea kunilaumu tangu zamani.

Uliniuliza jambo moja na nimechelewa kujibu. Muda tuliolipia kaburi la wazazi wetu huko kwetu Kőszeg umekwisha, ofisi ya makaburi inataka liandikishwe upya, na jina langu lilishachongwa kwenye jiwe lao pamoja na mwaka wa kuzaliwa, mbele yake pakaachwa wazi kwa mwaka wa kufa. Unataka kujua kama nitakuja kupajaza pale. Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie nilivyopikiwa msiba wangu nikiwa hai.

Unamkumbuka mjukuu wangu Corinne, aliyekutembelea akamaliza jamu yako yote ya plamu. Sasa ni mama wa watoto wawili. Agosti mwaka huu alitoa mimba. Sababu zake anazijua mwenyewe, nami sikumwuliza. Sheria ya jimbo letu inasema kilichotoka lazima kizikwe au kichomwe kama maiti. Hospitali haiwezi kukitupa pamoja na taka zake. Mwanamke akitaka atakichukua, asipotaka watakipeleka wanakojua wao. Corinne alikasirika kwamba serikali inamlazimisha kuwa na mazishi, na kwa hasira hiyohiyo akasema basi atakichukua, hawezi kuwaachia wao wachague mahali. Akapewa majivu ndani ya kisanduku. Alikuja nacho kwangu kwenye kiti cha mbele cha gari, amekifunga mkanda, eti kisiteleze kwenye kona. Aliniambia hajutii hata kidogo. Kinachomliza ni kwamba wamemtia kitu mkononi na hajui akiweke wapi. Alitaka kikae mahali pazuri, na mtu asijue.

Nikamwambia mimi ninapo mahali. Ubavuni pa marehemu mke wangu Lorraine kuna kaburi nililolinunua kwa ajili yangu, halina mtu. Nikampigia Dwight, mtunza makaburi, nikamwomba achimbe pale kashimo kadogo Alhamisi asubuhi, na asiulize. Hakuuliza. Ila Dwight hajawahi kuchimba bila kusimamisha turubai la kijani na kupanga viti. Mikono yake haijui mtindo mwingine. Na makaburi yetu yako kando ya barabara iendayo kanisani, na kila mtu anajua ubavuni pa Lorraine ni pangu.

Kabla hatujavaa makoti, hodi. Kufungua, namkuta jirani yangu Bi Arlene Yoder, kiongozi wa akina mama wanaopika misiba, amekumbatia bakuli la viazi vya jibini, macho mekundu, na nyuma yake wenzake wawili na paja la nguruwe na keki. Aliponiona alipiga ukelele. Nikamwomba radhi, nikamwambia bado. Akanifokea kwamba huo si uungwana, mzee mzima, kaburi lako limechimbwa, turubai limesimama, halafu unatufungulia mlango umevaa ndara! Mwenzake akauliza sasa hiyo nyama wairudishe au vipi.

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha Bi Arlene akauliza, hilo shimo basi ni la nani? Piroska, bustanini mwa mama huyo, ng'ambo ya ua wangu, limesimama bango la kuunga mkono sheria ileile. Nikaanza kutunga uongo kuhusu mbwa. Corinne akatoka jikoni, akasema, "Ni langu. Nilitoa mimba, na sheria yenu ikanipa mazishi."

Bi Arlene alimtazama yeye, akalitazama bakuli, akasema viazi hivi vikipoa havifai, mtu amwonyeshe pa kuviweka. Corinne akamwonyesha, lakini akamwambia asije makaburini, wala asimwombee kwa sauti. Akakubali, ingawa niliona midomo yake ikihangaika. Tulikwenda mimi na mjukuu wangu tu. Nilishika koleo, yeye akakiweka kisanduku kwa mkono wake, akarudisha udongo. Tuliporudi tulikuta meza imeandikwa.

Usidhani walipatana. Kwenye kuosha vyombo walibishana vikali, Corinne akisugua na Bi Arlene akifuta: huyu akisema kila uhai unastahili heshima, yule akijibu kwamba heshima haiamriwi bungeni. Bango bado lipo. Lakini mji mzima unaamini Dwight alichimba kaburi kwa makosa, na Dwight amekubali kuchekwa. Hakuna kati ya wale wanawake watatu aliyefungua mdomo, nao ni wanawake wa kufungua midomo! Jumapili iliyofuata Corinne alimrudishia Bi Arlene bakuli lake limejaa maandazi ya plamu, yale ya mama.

Sasa nikuambie nisilowahi kukuambia. Mwaka 1953 mama alitoa mimba. Wakati ule kwetu watu walifungwa jela kwa hilo. Wewe ulikuwa mtoto, ulipelekwa kwa shangazi. Baba alikuwa mbali kazini. Mama aliniomba nichimbe nyuma ya banda la kuku, akafukia mwenyewe, akaniambia nisahau. Hakuna aliyetubishia hodi. Alinipikia tambi za jibini, akakaa ananitazama nikila, yeye hakugusa. Sahani ile sijawahi kuiondoa akilini. Alhamisi ile, nilipomwona Corinne anaongeza viazi na Bi Arlene anamsogezea chumvi huku amenuna, nilijua kaburi langu ni lipi.

Basi andikisha la wazazi. Mwambie mchonga mawe afute jina langu, lakini pengo aliache, asichonge jina lingine. Mama atajua pengo hilo ni la nani. Kaburi langu la hapa limeshapata mwenyeji, na mimi nitamkuta.

Nisalimie wanao, na paka pia. Corinne anakubusu mashavu yote mawili na anaulizia jamu. Ukimaliza kusoma usikae peke yako. Nenda kwa jirani, ule kitu.

Sitarudi, Piroska.

Kaka yako,
Vendel