Maji ya Safari ya Saidi

Tanga, Alhamisi usiku

Nimempa ruhusa. Nilikwenda kumzuia, nikampa ruhusa.

Asubuhi dada Mwanaisha alinililia: "Kaka, mwanangu akienda Uganda harudi. Wewe ndiye mjomba wake, mnyime maji." Kwetu kijana hasafiri mpaka mjomba ampulizie maji usoni na kumwombea. Nikamwambia niachie mimi. Niliyesimamisha gari moshi pale Muheza kwa kupunga kofia, nitamshindwa Saidi?

Kule shamba la Wazungu anakofanya kazi, mashine ya mkonge ikigoma, Saidi ndiye wa kuitwa. Mikono ile kairithi kwangu.

"Mjomba," akasema, "kila kijana wa Kizungu anayeletwa namfundisha kazi. Akishajua, anakuwa mkubwa wangu. Huyu wa sasa ananiita boi. Uganda wamenikubali kwa jina la fundi."

Nilikwisha kutia maji kinywani, niyateme chini mbele yake, ajue nimekataa. Yakagoma kutoka. Mtu mzima nimesimama mashavu yamevimba, naye anacheka: "Leo Mjomba kakosa neno!"

Nikampulizia usoni. Hakujifuta. Dua nilimwombea kimoyomoyo.

Dada hasemi nami tangu hapo, na kijana kaondoka na basi la jioni.

Kesho barazani Makorora nitasema mimi ndiye niliyemtuma, na wakubwa wa Uganda walinibembeleza. Watu wataguna, wataendelea na kahawa yao. Ni Saidi tu, tangu mdogo, aliyekuwa akiniuliza, "Halafu ikawaje, Mjomba?"