Hukuwahi Kusema Ndiyo, Mama

Mwaka umepita, mama yetu Avelina, tangu tukulaze hapa Chanika, na tayari kuna watu wanakusemea.

Ulikuwa mpole, mwenye utani mwingi. Wewe na wenzako wa kikundi cha wakazi mlifyeka kile kiwanja cha kando ya kisima, mkaweka genge la mboga na kibanda cha mikutano. Mtu akikuomba lolote la kikundi, ulimjibu, "Ngoja nikawaulize wenzangu," kisha unajifunga kanga, unapita nyumba kwa nyumba. Hata baba alipotaka kuegesha bajaji yake pale, aliambiwa asubiri. Akasubiri wiki nzima, na wakamkatalia.

Walipokuja wageni wa ule mji wa Ulaya wenye urafiki na jiji letu, wakasema wanasaidia vikundi vya mitaani, tuliwatilia shaka. Watoke kote huko kwa ajili ya mchicha wetu? Wewe uliwapikia ndizi, ukatuambia tuache roho mbaya.

Mwezi uliopita katibu wa kikundi chenu, Mzee Isack, alitangaza mkutanoni kwamba wageni wanajenga ofisi kiwanjani na genge linahamia barabarani. Tulipohoji, alikuja juu. "Marehemu alishakubali mwenyewe! Nyie watoto msituletee ishu hapa."

Watu wakaliacha hilo kwa heshima yako. Sisi iliyotuuma ni hiyo "alishakubali". Herieth, bintiyo, alipita kila nyumba ya mtaa akiulizia. Hakuna hata mmoja uliyemuuliza.

Basi tukamfuata kiongozi wa wageni, dada Karin, tukiwa tumeshakunja sura.

"Shikamoo dada. Hiyo ofisi yenu mnaanza lini kujenga?"

"Marahaba. Ofisi gani?" akatuuliza.

Kumbe hata habari hana. Tukamwomba radhi, na wewe pia, mama, utusamehe. Macho yetu yote yalikuwa kwa wageni.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii asubuhi. Tukitoka kanisani, wakazi wote tunakutana kiwanjani, na dada Karin atakuwepo. Mzee Isack, wewe uliyelibeba jeneza la mama yetu, karibu. Tunataka kujua ni nani anayejenga.

Unakumbukwa na mumeo Revelian, wanao Herieth na Godlisten, mdogo wako Apolonia, na wajukuu.

Tutakukumbuka siku zote, mama. Na genge halihami.