Kwa Baba Zebedayo, Mtunza Kamera wa Talatala

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukuvushe mto kwa mtumbwi kwenda kukuzika, masika ya 1912.

Ninayeandika ni Angetile, mke wa mwanao Tomasi. Wa nyumbani wamenichagua niandike kwa kuwa nilisoma shule ya misheni. Haya ni maneno yangu ya kwanza kwako. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na ubatizo haukulegeza desturi hiyo nyumbani kwako. Miaka yote niliyokaa uani pako nilikukimbia kila ulipokohoa. Nawe ulikuwa ukikohoa makusudi, mapema, ili nipate nafasi ya kujificha. Asante kwa hilo.

Ulilima mpunga kama watu wengine, lakini watu wanakukumbuka kwa kamera ya Bwana wa misheni. Ilikuwa kuukuu, imezunguka naye kutoka milimani hadi ziwani, mbao zimevimba kwa unyevu na skrubu zimelegea. Ikirudi safarini inaletwa kwako. Wadudu wa ziwani wakijazana kwenye mikunjo ya mfuko wa ngozi wa kamera, ule unaovutika kati ya lenzi na kioo, unawatoa mmoja mmoja kwa unyoya huku ukiwagombeza kama watoto wa jirani. Mfuko ukitoboka, unajifunika blanketi juani, unatafuta vitundu vinavyopitisha mwanga, unavibandika ngozi ya mwanambuzi. Lenzi uliilaza kwenye chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, chenye makaa makavu ya kunyonya unyevu, na ole wake aliyekigusa chungu hicho kwa ajili ya mboga.

Kazi hii uliifanyia barazani. Mimi nilikuwa ndani, ukuta wa mianzi katikati yetu, nikikusikia unamweleza mama mkwe wangu, Marta.

“Marta, lenzi haifutwi kabla ya kupulizwa. Chembe moja ya mchanga itaichana.”

“Nimesikia, Baba Tomasi.”

“Kitambaa kiwe kikuukuu, kimefuliwa bila sabuni. Na kioo cha picha, upande wenye dawa usiguswe na maji. Unyoya mkavu tu, tena taratibu.”

“Nimesikia.”

Mama hakuwahi kuishika kamera hata siku moja. Nawe ulipaza sauti kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyekaa karibu yako. Ulikuwa unanifundisha mimi, Baba, na nilijua.

Ulipofariki, kamera ilikuja kwangu. Bwana alishangaa kidogo, kisha akazoea. Masika haya akaleta kioo kimoja cha picha ambacho kuvu ilikuwa imeanza kukila pembeni. Ni picha aliyokupiga wewe ulipomaliza kuziba mfuko, ajaribu kama bado unavuja mwanga. Karatasi ya kuichapia haijafika. Picha yako nyingine hakuna.

Nikakiacha kimefungwa kwenye kitambaa. Kukisafisha ni kukutazama, na mimi sijawahi kukutazama. Tomasi aliwaendea wazee wa Ndandalo kuwauliza. Mmoja alisema picha si mtu. Mwingine akasema kama si mtu, mbona tunataka kuitunza? Wakaachana hivyo hivyo. Kuvu haikuwangojea, kila nikifunua pembe ya kitambaa, naona imesogea. Niliogopa sana. Niliogopa kukukosea adabu, na niliogopa zaidi mwanangu Yakobo akue bila kuijua sura yako.

Mama Marta ndiye aliyekata shauri. Alikaa mkekani, akaniwekea kioo mapajani.

“Kuvu haina mkwe, mwanangu. Safisha. Kama ni kosa, nitamjibu Baba Tomasi mimi huko nitakakomkuta. Ndaga, nakushukuru.”

Nikachukua unyoya. Kwenye kioo, kabla ya kuchapwa, rangi zimegeuka: shati lako jeupe ni jeusi na uso wako mweusi unang’aa, lakini niliona vizuri. Baba, una masikio makubwa! Yamesimama pembeni kama ya Yakobo wangu, ambaye tangu azaliwe nyumba hii inasema masikio yale kayatoa kwetu. Nilicheka, Mama akacheka, kisha tukalia wote wawili, kioo nimekiinua juu kisipate machozi.

Kuvu imetoka. Imekula bega kidogo. Uso umebaki mzima.

Wanaokukumbuka ni mkeo Marta, wanao Tomasi na Elizabeth, mjukuu wako Yakobo, dada yako Naomi wa Ndandalo, na mimi mkweo Angetile.

Hatutakusahau, Baba. Mimi nimechelewa kukuona, lakini nimekuona.