Jina Nililompa Mshauri

Kaka yangu,

Mama hajambo, na bomba la jikoni nimeshalitengeneza.

Tarehe tatu nilikwenda kwa mshauri wa watu waliozama kwenye kamari. Aliponiuliza jina nikataja lako, nikiogopa langu lisije likafika kazini. Akasema, "Hapa hata ukijiita Sufuria, bwana, tutakupokea. Haambiwi bosi wala mkeo bila idhini yako." Kumbe ningeweza kujificha bila kukuchafua wewe. Hata hivyo sikumwambia kwamba jina lile si langu.

Tangu siku hiyo ananiita kwa jina lako, nami naitika huku uso umenishuka. Alhamisi nitamwomba alifute, aandike langu. Kabla ya hapo nakuomba radhi.

Mke wangu bado hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na nimekuambia mwenyewe.

Mimi mdogo wako